Deni la Marehemu na Mstari wa Wino wa Buluu

Tarehe 19 Agosti 2016, siku ya Ijumaa, Efrazia Shemboza alinunua shamba la bondeni lenye ukubwa wa robo tatu ya eka. Hati ya mauziano ipo hadi leo katika jalada la ofisi ya kijiji cha Kwemzuza, juu ya barabara itokayo Lushoto kwenda Lukozi. Ina sahihi za mashahidi watatu, muhuri wa kijiji na jina moja tu la mnunuzi. Mtendaji wa wakati huo alipouliza aandike jina la nani, Efrazia alimjibu, "La anayetoa hela."

Mumewe, Aron Singano, hakuwepo siku hiyo. Alikuwa Bulwa, Usambara ya Mashariki, akifanya kazi katika kiwanda cha chai, na nyumbani alirudi mara mbili au tatu kwa mwaka. Krismasi alipokuja akaonyeshwa shamba, alicheka, akasema kuanzia leo yeye ni kibarua wa mke wake. Maneno hayo aliyarudia mbele ya watu kwa miaka mingi.

Shamba hilo ndilo linaloendesha nyumba. Lina mfereji usiokauka hata kiangazi kikali, na hutoa karoti, kabichi na viazi kwa zamu. Efrazia, mwenye miaka hamsini na minne, anajulikana na madalali wa mboga kama mama asiyeuza kwa simu. Anayetaka kabichi zake ashuke bondeni azione. Magunia ya karoti anayashona mwenyewe, kwa sababu likishonwa na dalali gunia huongezewa kilima juu, ile lumbesa, na bei inabaki ya gunia moja. Dalali mmoja aliwahi kumwambia, "Mama Shukrani, wewe hata jua likichomoza unauliza limetumwa na nani." Alimjibu kwamba jua halijawahi kumwomba nyongeza.

Aron alirudi moja kwa moja mwaka 2022, kifua kikimsumbua. Alizikwa Jumanne, tarehe 11 Februari 2025.

Wasifu wa marehemu ulisomwa na Stephano, mwalimu wa shule ya msingi huko Bungu, mtoto wa Nathanaeli ambaye ni kaka mkubwa wa Aron. Ulieleza alikozaliwa, alikobatizwa, alikofanya kazi. Kisha Stephano akasoma: "Mwaka 2016 marehemu alinunua shamba la bondeni kwa jasho lake." Efrazia alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na jeneza, khanga kichwani. Alisikia vizuri. Msomaji wa wasifu hasahihishwi mbele ya jeneza, na kama angetokea wa kumsahihisha, asingekuwa mjane. 

Baada ya wasifu alisimama Nathanaeli, mzee wa kanisa, mtu wa miaka sabini na mbili. Alitoa tangazo linalotolewa katika kila msiba wa huku, uwe wa Wakristo au wa Waislamu. "Kama kuna mtu anamdai ndugu yetu, au ndugu yetu alikuwa anamdai, asione haya. Aje tuonane. Sisi ndio tutakaolipa."

Tangazo hilo lilifanya kazi yake. Wiki haikuisha, akaja Kassimu, muuza pembejeo, na daftari lenye sahihi ya Aron kwa mifuko miwili ya mbolea. Alilipwa. Akaja bibi mmoja wa kitongoji cha juu kurudisha elfu kumi na tano alizokopeshwa na marehemu Novemba. Wote wawili walikuja kwa miguu, mchana, wakapewa chai.

Mdai wa tatu alipiga simu. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 3 Machi, Efrazia akiwa anapalilia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Pole sana na msiba, mama yangu. Mimi ni ofisa makusanyo wa Faraja ya Milima Mikopo. Naongea na mjane wa marehemu Aron Singano?"

"Unaongea naye. Jina lako nani?"

"Niite Ofisa tu, mama."

"Ofisa ni kazi. Mama yako alikuitaje?"

Yule mtu alicheka kidogo, akaendelea. Tarehe 14 Novemba mwaka uliopita, alisema, marehemu alichukua mkopo wa milioni moja na nusu. Pamoja na riba sasa ni milioni mbili, laki tatu na elfu hamsini. Dhamana aliyoweka ni shamba la bondeni alilolinunua kwa jasho lake mwaka 2016. Hata hivyo kampuni ina ubinadamu. Mjane akitoa laki saba na arobaini kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, mengine yote yatafutwa. Asipotoa, shamba linapigwa mnada, na Jumapili jina la marehemu linapelekwa kanisani likasomwe.

"Na mama, hili tulimalize mimi na wewe. Usimvunjie marehemu heshima mbele ya watoto wake."

Efrazia aliweka jembe chini. Laki saba na arobaini ilikuwa hela ya rambirambi iliyobaki baada ya gharama zote za msiba. Ilikuwa ndani ya sanduku la nguo, imetengwa kwa ajili ya mbegu za viazi kabla masika hayajashika.

Alimfanyia Ofisa kile anachowafanyia madalali. "Njoo tuonane. Shamba lipo, na mimi nipo."

"Mama, siku hizi ofisi haitembei. Ofisi ni simu."

"Basi na hela haitembei. Nitumie karatasi."

Karatasi ilifika Jumanne asubuhi, picha ya mkataba kwenye simu. Ilikuwa na muhuri wa mviringo, jina la Aron, sahihi iliyopinda kama ndoana, na kifungu cha dhamana: "shamba la bondeni alilolinunua kwa jasho lake mwaka 2016."

Mtu anayeficha jina lake, anayeharakisha, anayekataza wengine wasiambiwe: hayo yote Efrazia aliyaona, na peke yake yangetosha kumfanya akate simu. Kilichomzuia ni yale maneno. Pale kijijini hakuna mtu anayeliita lile shamba la Aron. Kama ukoo uliandika hivyo kwenye wasifu, alifikiri, basi Aron ndiye aliyewaambia. Na kama kampuni iliandika hivyohivyo kwenye mkataba, basi hata wao Aron aliwaambia. Mbele yake alikuwa kibarua anayecheka. Kwa watu wengine labda alikuwa mwenye shamba.

Kwa siku tatu alimshuku mwenye simu kidogo kuliko alivyomshuku mume aliyemzika. Alipekua koti lake la kazi, bahasha ya vyeti vya hospitali, hati za mshahara za miaka ya Bulwa. Hakupata kitu, na kutopata hakukumsaidia. Mwanamume aliyeishi nusu ya ndoa upande wa pili wa milima angeweza kusaini mengi bila mkewe kujua. Alikwenda mferejini, akakaa juu ya jiwe ambalo Aron alizoea kukalia mwaka wake wa mwisho, akijiuliza alikuwa akiongea na nani kwenye simu siku zile.

Jumatano alikwenda kwa Nathanaeli.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Kaa."

Alimweleza yote, akamwonyesha picha. Nathanaeli hakuisoma. Aliishika simu mbali na macho, akairudisha.

"Lipa."

"Hela ni ya mbegu, shemeji."

"Mbegu utapata mwakani. Mimi nilisimama pale msibani nikasema tutalipa. Kijiji kizima kilinisikia. Unataka Jumapili jina la mdogo wangu lisomwe kama la mwizi, na mimi nimekaa kiti cha mbele?"

"Hujauliza hata huyo mtu ni nani."

"Wewe Efrazia ndiyo tabia yako. Humwamini hata marehemu."

Efrazia alichukua simu yake akaondoka, kwa sababu wiki hiyo ilikuwa kweli.

Alhamisi alifunga laki saba na arobaini kwenye pindo la khanga, akapanda gari hadi Lukozi, kwa Latifa, wakala wa pesa za simu ambaye amekuwa akimtolea hela za mauzo kwa miaka sita.

"Onga mshi, mama Shukrani," Latifa alimsalimia kwa Kishambaa, kisha akaona uso wake. "Kuna nini?"

Efrazia alimpa namba ya kulipia aliyotumiwa na Ofisa. Latifa aliiingiza kwenye simu yake, akangoja, akageuza kioo wakione wote wawili.

"Limekuja jina la mtu. Dada fulani. Siyo kampuni."

"Labda ndiye mhasibu wao."

"Mama, mimi hapa nimekaa miaka sita. Kampuni ina namba yake ya malipo, na jina la kampuni linatokea. Mhasibu gani huyo anayepokelea madeni ya ofisi kwenye laini yake, ile anayotumia kuwapigia mashoga zake? Mimi leo sikuwekei. Kasirika ukitaka. Nenda kwa jirani hapo akuwekee, lakini mimi hapana."

"Nani amesema nimekuja kuweka? Nimekuja kuona jina."

"Na hiyo hela kwenye khanga? Umeileta ione mji?"

Efrazia alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Latifa alimvutia kigoda.

"Nani alijua una laki saba na arobaini?"

"Kamati ya msiba."

"Na nani mwingine?"

"Nani mwingine atajua?"

Latifa alifungua WhatsApp. "Mimi nilijua. Nimo kwenye lile kundi la msiba. Nani aliniingiza? Hakuna. Kiungo kilikuwa kinazunguka huku sokoni, nikabonyeza ili nijue siku ya maziko." Kundi liliitwa Msiba wa Baba Shukrani, na lilikuwa na watu mia moja sitini na watatu. Alipandisha ujumbe kwa kidole. Ripoti ya kamati ilikuwepo, mapato na matumizi, na mstari wa mwisho: salio 740,000, amekabidhiwa mjane. Juu yake kulikuwa na picha ya ukurasa wa wasifu. Stephano aliuweka saa chache baada ya mazishi, ili ndugu walio mbali wausome.

"Ukuze huu," Efrazia alisema.

Latifa aliikuza picha. Wasifu ulikuwa umechapwa kwa kompyuta, herufi nyeusi zilizonyooka. Katikati ya ukurasa, kati ya mstari mmoja na mwingine, palikuwa na maneno yaliyoongezwa kwa mkono, kwa wino wa buluu, yamelalia upande wa kulia. Mwaka 2016 marehemu alinunua shamba la bondeni kwa jasho lake.

"Huu mwandiko wa nani?" Latifa aliuliza. "Wa Stephano?"

 Efrazia aliujua mwandiko huo kutoka kwenye bahasha za ahadi za kanisa, ambazo kila mwaka huandikwa na mzee mmoja tu. Alifunga tena pindo la khanga, akamwomba Latifa amtumie ile picha, akarudi nyumbani na hela yake.

Ijumaa asubuhi alimkuta Nathanaeli akikata majani ya ng'ombe. Alisalimia, akaitikiwa. Safari hii hakungoja kuambiwa akae.

"Shemeji, vaa miwani yako."

"Ya nini? Umelipa?"

"Vaa kwanza."

Nathanaeli aliivaa. Aliutazama mwandiko wake mwenyewe kwenye kioo cha simu kwa muda mrefu kuliko mstari ule ulivyohitaji.

"Ni wangu," alisema. "Asubuhi ya mazishi. Stephano alileta karatasi nikaisoma. Mtu mzima, miaka ishirini na minane kazini, na hakuna hata shamba lililotajwa. Nikaongeza."

"Aron alikwambia ni lake?"

"Aron?" Alivua miwani. "Aron alikuwa anacheka. Kila mahali, kibarua wa mke wangu, kibarua wa mke wangu. Mimi ndiye nilikuwa sicheki."

"Kwa hiyo mstari huu kabla ya asubuhi ile haukuwepo popote."

"Ungekuwepo wapi? Niliutoa kichwani nikiwa nimesimama."

Efrazia alimfungulia picha ya mkataba. Akamwekea kidole kwenye tarehe, 14 Novemba 2024, kisha kwenye kifungu cha dhamana. Nathanaeli alivaa tena miwani. Alisoma, akarudia, midomo ikitembea.

"Novemba nilikuwa sijauandika," alisema.

"Ulikuwa hujauandika."

"Sasa wameupata wapi?"

"Kwenye kundi la msiba. Na hela pia wameihesabia humo."

Nathanaeli aliliacha panga juu ya majani, akaingia ndani, akatoka na koti lake la Jumapili. "Twende kwa Modesta," alisema.

Modesta ndiye mtendaji wa kijiji kwa sasa. Alilitoa jalada, akaipata hati ya mwaka 2016, akaiweka mezani. Kisha akatafuta jina la Faraja ya Milima Mikopo katika orodha ya wakopeshaji wenye leseni ya Benki Kuu. Halikuwemo. Alimwambia Efrazia asilipe hata mia, asifute ujumbe hata mmoja, na simu ikiita aweke sauti ya nje.

Iliita saa tisa na nusu, wote watatu wakiwa bado ofisini.

"Mama, muda unakwisha," alisema Ofisa. Shikamoo haikuwepo tena.

"Nimeona. Hilo shamba mlilikagua?"

"Tulilikagua mwezi wa kumi na moja, na marehemu mwenyewe akiwepo."

"Akawapa hati?"

"Hati tunayo hapa mezani, mama. Ina jina la marehemu. Kwa hiyo usitupotezee muda."

Modesta alitazama hati iliyokuwa mbele yake, akaziba mdomo kwa kiganja. Nathanaeli hakuweza kuvumilia. Aliinama hadi karibu na simu.

"Kijana, hayo maneno uliyonakili ni yangu. Nidai mimi."

"Wewe nani?"

"Niliyeyaandika. Na uongo ule ulikuwa wa msiba mmoja tu, sikuuweka sokoni."

Simu ilikatika. Hadi jioni zilikuja meseji nne, ya mwisho ikimtishia Efrazia kwamba picha yake itasambazwa na neno tapeli chini yake. Hakujibu hata moja. Stephano alipiga kutoka Bungu: "Shikamoo mama mdogo. Nisamehe. Nilidhani naweka kwa ndugu." Aliitikia, akamwambia alifunge kundi, lakini kwanza amtumie orodha ya namba zote.

Jumapili alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Matangazo yalikuwa marefu: harambee ya bati, semina ya akina mama, ndoa mbili. Kila karani alipogeuza karatasi, Efrazia alishika ukingo wa benchi. Jina la Aron halikusomwa.

Bado hajui ni nani. Katika namba mia moja sitini na tatu, arobaini na moja hazijulikani na mtu yeyote wa ukoo wala wa kamati. Ameziandika kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa kabati, na namba ngeni ikimpigia anakwenda kuilinganisha kwanza. Mbegu za viazi, magunia matatu, zilishuka bondeni Jumatano tarehe 12 Machi. Nathanaeli alikuja kusaidia kufukia, bila kuitwa, na walipopumzika juu ya lile jiwe alimuuliza kama kwenye wasifu mpya, utakaosomwa siku ya kuweka msalaba, aandike pia habari ya kibarua.

"Andika," Efrazia alisema. "Mwenyewe aliipenda."

Jumatatu tarehe 17 Machi Efrazia na Modesta wanakwenda kituo cha polisi Lushoto na picha ya mkataba, meseji zote, orodha ya namba na nakala ya hati. Jumamosi tarehe 29 Machi msalaba wa Aron utawekwa kaburini. Wasifu utasomwa upya, msomaji ni Nathanaeli, na utasema shamba la bondeni lilinunuliwa na mke wa marehemu. Kisha tangazo la madeni litarudiwa: anayedai aje nyumbani, mchana, na karatasi yake mkononi.